Kumuuguza Mtoto ni Somo

Mpenzi msomaji, mazungumzo haya niliyatoa redioni wiki iliyopita, na kama ilivyo desturi ya safu hii, nayaleta gazetini kwa ajili ya wale waliokuwa safarini, waliokuwa kazini, au waliokatikiwa na umeme. Leo naomba unisamehe nikianza na habari za nyumbani kwangu. Mwalimu wangu katika chuo cha uandishi wa habari alikuwa akitukanya tusijitie ndani ya habari tunazoziandika. Leo nitamwasi kidogo.

Miaka michache iliyopita binti yetu mdogo, akiwa na umri wa miezi tisa, alishikwa na homa na kikohozi. Asubuhi mama yake alimpeleka kwenye kituo kimoja cha matibabu ambacho sitakitaja. Aliyempokea alimgusa mtoto kwenye paji la uso, akauliza kama meno yameanza kutoka, akajibiwa kwamba mawili yamekwishachomoza. Basi akasema mtoto anaota meno, akatoa dawa ya maji ya kushusha homa, akaita anayefuata. Mambo yote hayo hayakuchukua dakika tatu.

Jioni mtoto alikataa ziwa. Tulikodi gari tukaenda hospitali nyingine, na pale aliyetufuata kwenye benchi alikuwa binti mdogo aliyevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi. Nikiri kwamba niliona tumedharauliwa. Nilitaka daktari, nikaletewa mwanafunzi. Mama watoto alikuwa anajiandaa kumlaza mtoto kitandani, lakini yule binti akamzuia. "Hapana mama, mpakate tu hivyo hivyo, usimlaze." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikilalamika kwa sauti: "Samahani baba, naomba tunyamaze kidogo, ninahesabu."

Akapandisha kigauni cha mtoto mpaka kifuani, akatazama saa yake ya mkono, akakaa kimya dakika nzima. Alipomaliza hakusema kitu. Akahesabu tena dakika nyingine. Halafu akaondoka kwa haraka kwenda kumwita sista wa zamu, nikamsikia akitamka: "Sitini na nne, sista. Na hanyonyi."

Ilikuwa nimonia. Mtoto alilazwa, akapewa hewa ya oksijeni na sindano, na siku ya tano tulirudi naye nyumbani. Sista wa zamu alituambia kwamba tungengoja mpaka asubuhi, huenda tungekuwa tunazungumza mengine.

Kabla hatujaondoka nilimtafuta yule mwanafunzi nimshukuru. Nikamuuliza alijuaje. Akacheka kwa aibu. "Tumefundishwa, baba. Mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka mmoja, akipumua mara hamsini au zaidi kwa dakika, hayo si meno tena. Na haondolewi mapajani kwa mama yake, maana akilia hesabu inaharibika."

Tumefundishwa. Neno hilo sikuliacha pale hospitalini. Mimi ni baba wa watoto watatu, na siku ile nilikuwa sijui hata kwamba pumzi ya mtoto huhesabiwa. Nilikuwa nikiamini kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba kumtunza mtoto ni jambo ambalo kila mwanamke huzaliwa nalo, na kwamba muuguzi mwenye huruma anatosha. Nikaanza kusoma, ili nijue somo lile la dakika moja lilitoka wapi na lilipita mikono ya nani mpaka likamfikia binti yule. Nimegundua kwamba lilichukua zaidi ya miaka mia moja, na kwamba njiani walimu wenyewe walikosea vibaya.

Tuanzie Ulaya, kwa sababu huko ndiko hospitali za watoto za namna tunayoijua zilikoanzia. Mji wa Paris ulifungua hospitali yake ya watoto wagonjwa mwaka 1802. London ilichelewa kwa nusu karne nzima. Mwaka 1843 hospitali za jiji hilo zilihesabiwa kuwa na wagonjwa 2,363, na kati yao waliokuwa na umri wa chini ya miaka 10 walikuwa 26 tu. Wala usidhani watoto wa London walikuwa na afya njema. Walikuwa wakifa kwa maelfu majumbani mwao. Hospitali hazikuwataka. Walisemekana kuleta magonjwa ya kuambukiza wodini, na zaidi ya hapo ilisemwa kwamba mahali pa mtoto mgonjwa ni kwa mama yake, ambaye atajua la kufanya.

Daktari Charles West hakukubali. Tarehe 14 Februari 1852 alifungua hospitali ya watoto katika nyumba moja ya mtaa wa Great Ormond Street, ikiwa na vitanda 10. Mara akakuta kwamba vitanda havikuwa shida yake kubwa. Shida ilikuwa kumpata mtu wa kukaa kando ya kitanda akajua anachokitazama. Mtu mzima akiumwa husema wapi panauma. Mtoto mchanga husema kwa kilio chake, kwa rangi ya midomo yake, kwa namna anavyopumua na namna anavyolala. Asiyefundishwa kuyaona hayo hupita kando ya mauti akidhani mtoto amelala. Mwaka 1854 West akatoa kitabu kidogo cha kuwafundisha wauguzi wa watoto.

Mwaka 1860 Florence Nightingale alifungua chuo chake maarufu cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas', na uuguzi ukaanza kuheshimiwa kama kazi yenye elimu. Hata hivyo, elimu ile ilimhusu zaidi mgonjwa mtu mzima. Mtu aliyesimama kidete kuwatetea watoto alikuwa mwanamke aitwaye Catherine Jane Wood, aliyeshika usimamizi wa wauguzi wa Great Ormond Street mwaka 1878 na kuanzisha pale mafunzo rasmi ya uuguzi wa watoto. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kukubalika: mtoto mgonjwa anahitaji uuguzi wa namna yake, kwa hiyo na muuguzi wake anahitaji mafunzo ya namna yake. Wapo waliomwona anaitukuza kazi ya yaya. Lakini mwaka 1919, Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwasajili wauguzi, daftari lile liliwekewa sehemu maalumu ya wauguzi wa watoto wagonjwa. Somo likawa limetambuliwa na sheria.

Mpenzi msomaji, kama hadithi ingeishia hapo, ningeweza kuifunga kwa vigelegele. Lakini wanafunzi wale wa uuguzi walifundishwa pia jambo jingine, nalo lilikuwa kosa.

Walifundishwa kwamba mama ni kero. Mama huingiza vijidudu wodini. Mama akija mtoto hulia, na akiondoka mtoto hulia zaidi. Wodi nzuri ni wodi iliyotulia, yenye shuka zilizonyooka na watoto walionyamaza. Kwa hiyo wazazi walifungiwa mlango. Mwaka 1949 zilikusanywa taratibu za hospitali za London kuhusu wazazi kuwatembelea watoto wao. Kuna zilizoruhusu saa moja au mbili kwa wiki. Kuna iliyokataza kabisa kwa mwezi wa kwanza, ila wazazi waliweza kuja jioni kumchungulia mtoto akiwa usingizini. Mama anamwona mwanawe, mwanawe hamwoni mama!

Na wauguzi wale hawakuwa watu wabaya, la hasha. Walikuwa wakitekeleza walichofundishwa, na ushahidi wa macho yao uliwaambia kwamba utaratibu unafaa. Mtoto aliyeletwa Jumatatu alilia siku mbili tatu, kisha akatulia, akala, akaacha kumwulizia mama. Wakaandika kwamba amezoea.

Aliyeutilia shaka utulivu ule alikuwa Mskochi mmoja, James Robertson, mtumishi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akifanya kazi na daktari John Bowlby. Alikaa wodini akiwatazama watoto kwa saa nyingi, akaona kwamba kilio kinafuatwa na majonzi, na majonzi yanafuatwa na kile kimya ambacho wauguzi walikiita kuzoea. Kwa maoni yake mtoto yule alikuwa amekata tamaa. Alipoona hasikilizwi, akachukua kamera. Alimfuata msichana wa miaka miwili, Laura, aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo wa kitovu, na mwaka 1952 akawaonyesha madaktari na wauguzi filamu hiyo. Wengi walikasirika. Walisema amewachafulia jina, wakasema mtoto yule si mfano wa watoto wote. Lakini baadhi ya waliokwenda na hasira walirudi wodini mwao, na wakaanza kuona kilichokuwa mbele ya macho yao siku zote.

Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa, mama wa mtoto mdogo aweze kulazwa pamoja naye, na wauguzi wafundishwe mahitaji ya moyo wa mtoto pamoja na ya mwili wake. Hospitali nyingi zilisuasua kwa miaka. Wazazi wenyewe walilazimika kuunda chama mwaka 1961 kudai utekelezaji. Unaona basi, kuna masomo mawili hapa. La kwanza ni kwamba asiyefundishwa hawezi kumuuguza mtoto. La pili ni kwamba aliyefundishwa vibaya hawezi hata kuona kwamba hawezi.

Sasa turudi Afrika, maana mambo hayakwenda hivyo katika kila hospitali ya huku. Katika wodi nyingi za kwetu mama hakufukuzwa, na sababu yenyewe haikuwa hekima. Wauguzi walikuwa wachache na chakula kilikuwa haba, kwa hiyo mama alibaki amlishe na kumwosha mwanawe. Wageni waliliona jambo hilo kuwa dalili ya umaskini. Wachache waliona kwamba mama yule anayelala sakafuni chini ya kitanda ana elimu ambayo muuguzi anaihitaji.

Mmoja wao alikuwa Dakta Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyefika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1929. Aliwaona watoto waliovimba miguu, ngozi inabanduka, nywele zimebadilika rangi. Wakubwa wa tiba walikuwa na majina yao ya kizungu kwa hali ile. Yeye aliwasikiliza wanawake wa Kiga, nao walikuwa na jina lao: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa na ziwa kuchukuliwa. Ndani ya jina lile mlikuwa na sababu ya ugonjwa. Aliueleza ugonjwa huo katika maandishi ya kitabibu mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina lenyewe. Sisi leo tunauita kwashakoo au unyafuzi.

Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo mara nyingi husemwa kuwa amebemendwa, na lawama huwaangukia wazazi kwa mambo ya chumbani. Fikiri basi mwanafunzi wa uuguzi anayempokea mama aliyekwisha kusemwa na mtaa mzima. Akimkaripia, mama hatarudi kliniki, na mtoto atakufa nyumbani. Namna ya kuzungumza na mama yule ni sehemu ya tiba, nayo pia hufundishwa.

Majirani zetu wa Uganda walilifanyia kazi jambo hilo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto wenye utapiamlo walikuwa wakitibiwa kwa maziwa maalumu, wakinenepa, wakirudishwa nyumbani, na baadaye wakiletwa tena wakiwa vile vile. Mwaka 1965 kikafunguliwa pale kituo cha Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Waganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko. Mama aliingia na mwanawe, akapika mwenyewe matoke, maharage na karanga, na akaona kwa macho yake uvimbe ukishuka kwa chakula ambacho angeweza kukipata nyumbani. Muuguzi alikuwa mwalimu wa jikoni. Mama aliporejea kijijini akawa mwalimu wa wenzake.

Huko Ilesha nchini Nigeria, Dakta David Morley aliwakabidhi wauguzi kazi ambayo kwingine ilishikiliwa na daktari, yaani kumpima, kumtibu na kumfuatilia mtoto wa chini ya miaka mitano. Akatengeneza kadi yenye mistari ya uzito, na akampa mama aitunze nyumbani badala ya kuifungia kabatini hospitalini. Ile kadi ya kliniki uliyoiweka ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanao, ni ya ukoo huo. Mwanafunzi wa uuguzi anayejifunza kuchora nukta moja juu ya mstari ule anajifunza kuona njaa kabla haijaonekana mwilini.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliyakusanya mengi ya mafunzo haya katika utaratibu mmoja wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa jumla. Muuguzi wa zahanati anauliza: Je, ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au amezimia? Kisha anahesabu pumzi, kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia kwa mama yake. Naam, hapo ndipo ilipotoka dakika ya yule binti. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini wahudumu walifundishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikiwa chini kwa asilimia 13 kulingana na wilaya jirani ambazo hazikuwa na utaratibu huo, bila gharama kuzidi.

Lakini kufundisha ni nini? Nataka nimalizie historia yangu kwa kisa cha hapa hapa nchini, kwenye hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa huko walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa. Walitumia mwanasesere: kumkausha, kumsugua mgongo, na asipolia, kumpulizia hewa kwa kifuko ndani ya dakika ya kwanza. Baadaye walipopimwa kwa mwanasesere yule yule, walifaulu vizuri kuliko awali. Kwa kawaida sherehe ingekuwa hapo, vyeti vikatolewa na picha zikapigwa.

Watafiti wa Haydom hawakuridhika na vyeti. Walikwenda kutazama chumba cha kuzalia chenyewe, na wakakuta kwamba kwa watoto wa kweli utendaji haukubadilika. Walikiri hivyo hadharani, jambo ambalo wataalamu wengi wasingelipenda. Ndipo wakabadili njia. Mwanasesere akawekwa karibu na chumba cha kuzalia, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache kila wiki, humo humo kazini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Kifuko kilikuwa kile kile na watu walikuwa wale wale. Mikono ndiyo iliyokuwa imezoezwa.

Ndugu msomaji, kutokana na historia hii nina neno kwa pande mbili.

Kwa wenye dhamana ya vyuo na hospitali: mwanafunzi wa uuguzi anayepitishwa wodi ya watoto kwa wiki chache, akitumwa kubeba mafaili na kupanga foleni, atatoka na alama nzuri za mtihani na macho ambayo hayajafunguka. Anahitaji mwalimu wa kusimama naye kando ya kitanda, na anahitaji kurudia jambo moja mara nyingi mpaka mkono uweze kulifanya wenyewe usiku wa manane. Yule aliyesema binti yangu anaota meno, sina hakika kama alikuwa mtu mzembe. Huenda alifundishwa siku moja, akapewa cheti, na tangu hapo hakuna aliyemsimamia. Akikaripiwa bila kufundishwa, kesho atasema meno tena.

Na kwetu sisi wazazi: mwanafunzi akija kwenye benchi lako, usimfukuze. Mwulize anafanya nini, naye atafurahi kukueleza. Mpakate mwanao, nyamaza, mpe dakika yake. Mimi nusura nimnyime yule binti dakika hiyo kwa sababu ya kiburi cha kutaka daktari.

Binti yangu sasa anakimbia, na meno yake yote yameota. Akikohoa usiku, mama yake humpakata, nami huchukua saa yangu, nikapandisha kigauni, nikahesabu. Wahenga walisema elimu ni bahari. Kwangu mimi iliingia nyumbani kwa dakika moja, ikiletwa na mwanafunzi ambaye hata jina lake sikuliuliza.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, nakuaga.